Najisikia mzima, damu ya kila mwezi ya nini?

SWALI: Daktari, nina miezi 4 tangu nipandikizwe figo. Sina homa, mkojo unatoka vizuri, lakini kila mwezi natolewa damu kutafuta virusi vya BK. Mkono umejaa alama za sindano. Naweza kuruka mwezi mmoja?

JIBU: Usiruke, ndugu yangu. Wengi wetu tuliambukizwa virusi hivi utotoni bila kujua, vikajilalia kwenye figo. Herufi BK ni za jina la mgonjwa aliyepandikizwa figo, aliyekutwa navyo kwenye mkojo. Taarifa zake zilichapishwa mwaka 1971. Dawa unazomeza ili mwili usiikatae figo ndizo zinazoviamsha, na kwa kawaida vikiamka huhisi chochote. Kreatinini, yaani taka ya damu inayopimwa kujua figo inavyofanya kazi, ikianza kupanda, figo imeshaumia. Kipimo cha damu huviona mapema zaidi.

Dawa mahususi ya kuviua haipo. Tunapunguza dozi za dawa za kushusha kinga, taratibu, huku tukipima tena. Nakusihi, usizipunguze mwenyewe! Mwili unaweza kuikataa figo.

Kuhusu mkono, omba sindano ihamishwe sehemu, ila mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji) ya kusafishia damu usiguswe. Kwa kawaida, baada ya mwezi wa 9 kipimo huwa kila miezi 3, hadi miaka 2 itimie.