Ukurasa ukikwambia "washa JavaScript", kwanza tafuta nani kaizima

Mkuu mleta uzi nimekusoma. Unasema mdogo wako yuko huku Moshi anajaza fomu ya maombi kwa simu, kila akifungua ukurasa anaambiwa awashe JavaScript na hajui inawashiwa wapi, afu kuna mtu kamtumia linki ya "kushusha JavaScript". Naanza na hiyo linki: asiiguse kabisa. JavaScript haina APK (faili la kuinstall programu kwenye Android) wala haishushwi popote, imo tayari ndani ya brauza, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome au Opera, na ndivyo ilivyo tangu Brendan Eich aitengeneze mwaka 1995 kwa ajili ya brauza ya Netscape. Ukurasa unakuja na maelekezo ya JavaScript, brauza inayatekeleza palepale kwenye simu yako, basi. Ukiona mtu anakupa faili la kuinstall ujue ni tapeli au anasaka matangazo. Na wale wanaokimbilia kuweka Java kwenye kompyuta nao wanapoteza bando bure, Java ni kitu kingine na haitagusa tatizo lako.

Mimi niko steshenari, upande wa Mbuyuni, na msimu wa maombi ukifika hili tatizo naletewa sana. Watu wengi hata huo ujumbe hawauoni, wanachoona ni fomu imefunguka vizuri tu, anachagua mkoa Kilimanjaro, akija kwenye wilaya orodha iko tupu, hakuna Hai, hakuna Rombo, hakuna Same, au anabonyeza Endelea hakiendi popote, au kitufe cha kutoa control number (namba ya kulipia) kimekaa kimya kama hakijaguswa. Ile orodha ya wilaya inaletwa na JavaScript baada ya wewe kuchagua mkoa, kwaiyo isipofanya kazi utakaa hapo hadi betri iishe. Mtu anaamua tovuti ni mbovu, anakata tamaa. Kuna binti alipanda gari kutoka kule Rombo mpaka mjini kwa ajili ya hiyo tu, nauli kwenda na kurudi, na tatizo lenyewe liliisha kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Hii kitu inaniuma kwa kweli ndo maana naandika kirefu.

Sasa sikiliza, brauza karibu zote zinakuja JavaScript ikiwa on. Haijizimi yenyewe. Kuna kitu kimeizima, na ukikijua hicho umemaliza kazi.

Kwa simu za huku mtuhumiwa wangu wa kwanza siku zote ni Opera Mini. Watu tunaipenda kwa sababu bando linakaa, lakini ikiwa kwenye ile hali ya kubana data kupita kiasi, Extreme, ukurasa unapitia kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa huko, afu unaletewa uliobanwa, na JavaScript nyingi inabaki hukohuko. Kusoma habari haina shida, ila kwa fomu hapana. Ingia sehemu ya kuokoa data utoe Extreme uweke High au uzime kabisa, au kwa hiyo fomu tu tumia Chrome, data itakayoongezeka haifiki hata robo ya nauli ya kuja mjini.

Akiwa kwenye Chrome ya simu: vidoti vitatu juu kulia, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, JavaScript, washa. Kama simu iko Kiingereza ni Settings, Site settings. Hapohapo chini aangalie kama kuna tovuti zimezuiwa mojamoja maana unaweza kukuta swichi kubwa iko on ila ile tovuti yenyewe imo kwenye orodha ya waliofungiwa. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo ila unapitia Faragha na usalama kwanza. iPhone haiko ndani ya Safari, iko kwenye Settings za simu, tafuta Safari (matoleo mapya imehamia ndani ya Apps), shuka chini kabisa Advanced, utaiona.

Firefox ya kompyuta ndo inasumbua watu, wanatafuta kiboksi cha kutiki hawakioni, kiliondolewa toka toleo la 23 mwaka 2013. Andika about:config pale juu, kubali onyo, tafuta javascript.enabled, iwe true. Usiguse kingine humo.

Kuna na vizuizi, ekstensheni (viprogramu vya kuongezea kwenye brauza) kama NoScript, uBlock Origin na ndugu zao, mara nyingi kaweka kaka wa nyumbani akasahau kusema. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua ule ukurasa kwa dirisha la incognito, humo ekstensheni hazifanyi kazi mpaka uwe umeziruhusu, kwaiyo fomu ikikubali humo ujue ekstensheni ndo inazuia. Usiifute, iruhusu tu kwa hiyo tovuti moja, hivyo vizuizi vina faida yake kwenye tovuti za ovyo.

Na kama kila kitu kiko on na orodha ya wilaya bado tupu, hapo mara nyingi ni mtandao, ukurasa umefika ila faili lenye yale maelekezo ya JavaScript limekatikia njiani. Inabidi kurifreshi, LAKINI kabla hajarifreshi akopi yale maelezo marefu aliyoandika ayabandike kwenye meseji ajitumie mwenyewe, maana fomu nyingi zikirifreshiwa zinafuta kila kitu.

Mwambie ajaribu kwa mpangilio huo, Opera Mini kwanza. Akikwama weka hapa jina la brauza na aina ya simu, jioni nikifunga duka napita kuangalia.