GI Bill chuoni: deni linatoka wapi, na ubishe hodi wapi chuo kikigoma

Aliyetumikia jeshi la Marekani angalau miezi 36 baada ya Septemba 10, 2001 ana miezi 36 ya kusomeshwa na GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha askari wa zamani. Chuo cha umma hulipiwa ada yote ya mkazi wa jimbo, kuna posho ya nyumba, na vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Aliyetumikia siku 90 huanzia asilimia 50 ya malipo hayo. Hayo wengi wanayajua, wakiwemo Wakenya, Wakongo na Watanzania walioingia jeshini wakiwa na green card. Wanaloshangazwa nalo ni barua ya deni inayokuja muhula wa pili.

Tuanze na posho, maana ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Kiwango chake ni cha askari wa ngazi ya E-5 mwenye familia, kwa msimbo wa posta wa kampasi unayosomea, si wa mtaa unaoishi. Anayesoma mtandaoni pekee hupata nusu ya wastani wa nchi nzima, lakini darasa moja tu la kuhudhuria ana kwa ana hubadilisha hesabu yote. Kisha kuna krediti, yaani kipimo cha uzito wa kila somo. Katika chuo ambacho krediti 12 ni mzigo kamili, mwenye 9 yuko asilimia 75, nayo Idara ya Maveterani, yaani VA, huipandisha hadi 80 na kumlipa sehemu hiyo ya posho. Mwenye 7 hupata asilimia 60. Mwenye 6 hapati hata senti, kwa sababu sheria inataka zaidi ya nusu. Ndiyo maana kuacha somo dogo la krediti moja kunaweza kumtoa mtu kwenye nyumba.

Posho hulipwa mwezi ukishaisha, tena kwa siku za masomo tu. Muhula ukifunguliwa Agosti 25, kinachoingia Septemba ni cha siku chache. Posho kamili ya kwanza utaiona Oktoba. Likizo kati ya mihula haina malipo, kwa hiyo Januari huingia kipande cha Desemba, wakati huohuo nyumbani wanauliza ada za watoto. Weka pembeni kodi ya miezi miwili kabla hujavua magwanda. Na kila mwisho wa mwezi thibitisha kwa VA, kwa ujumbe wa simu, kwamba bado unasoma. Ukikaa kimya miezi miwili mfululizo posho inasimama. Waliobadilisha namba ya simu bila kuitaarifu VA ndio hunaswa hapa.

Sasa deni. Ukiacha somo baada ya muda wa kubadilisha ratiba kupita, na huna sababu inayokubalika kama ugonjwa, msiba au kuhamishwa kikazi, VA huhesabu kwamba halikupaswa kulipiwa tangu siku ya kwanza. Posho na pesa ya vitabu inakudai wewe. Ada inakidai chuo, nacho chuo kinakugeukia. Ajabu ni kwamba aliyehudhuria mpaka mtihani wa mwisho akafeli hadaiwi kitu, kwa kuwa alama ya F inaingia kwenye wastani wake. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya kuacha somo, mwone ofisa anayethibitisha usajili wako kwa VA, ambaye chuoni humwita SCO, si mshauri wa kawaida wa masomo.

Upo pia msamaha wa krediti sita: mara ya kwanza unapopunguza masomo, VA haiulizi sababu kwa krediti zisizozidi sita, na unadaiwa kuanzia siku uliyoacha tu. Unatumika mara moja. Ukiutumia kwa krediti tatu, zile tatu zilizobaki zimekwenda. Sisi tungeutunza kwa muhula mgumu kuliko kuutumia kukwepa mwalimu asiyependwa.

Mafunzo ya jeshini nayo yana hati yake, JST, isipokuwa waliotoka jeshi la anga, ambao hati yao hutolewa na chuo cha jeshi hilo. Vyuo vinavyopokea pesa za GI Bill vinatakiwa kupitia masomo ya awali na kutoa krediti panapostahili. Vyuo vingi hutimiza hilo kwa kuzitupa krediti hizo zote kwenye masomo ya hiari, ambapo hazifupishi shahada hata kwa wiki. Omba kwa maandishi kwamba krediti fulani ihesabiwe badala ya somo fulani lenye namba, ukiambatanisha muhtasari wa mafunzo. Na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ijazwe hata kama GI Bill inalipa kila kitu: askari wa zamani huhesabiwa anajitegemea, mapato ya wazazi hayaulizwi, na Pell Grant, ruzuku isiyorudishwa, inaweza kuongezeka juu yake.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Kubadilisha kanuni ya chuo ni kazi nyingine, na kosa la kawaida ni kubisha mlango usiohusika. Rais wa chuo atapiga picha nanyi Novemba 11, siku ya maveterani, na kuwapa bendera, ila kipaumbele cha kujisajili kinaamuliwa na msajili, na krediti zinaamuliwa na baraza la wahadhiri. Faini za kuchelewa ziko ofisi ya malipo.

Anzeni na hizo faini, kwa kuwa sheria tayari iko upande wenu. Tangu sheria ya 2018, mwanafunzi aliyewasilisha cheti chake cha kustahiki hawezi kutozwa faini, kufutwa darasani, kufungiwa maktaba wala kulazimishwa kukopa kwa sababu VA imechelewa, hadi siku 90 baada ya chuo kuthibitisha ada. Anayekiuka mara nyingi ni kompyuta inayofuta majina yenye salio, si karani. Ombi lenu basi liwe hilohilo: alama kwenye mfumo inayowaruka wanafunzi wa GI Bill. Ukurasa mmoja unatosha, wenye kifungu cha sheria, idadi ya waliofutwa muhula uliopita, na sentensi mnayotaka iandikwe kwenye kanuni. Ulizeni pia tarehe ya mwisho ya kubadilisha katalogi, kitabu cha kanuni za chuo. Ikipita mnangoja mwaka.

Chuo kikinyamaza, kuna mfumo wa malalamiko wa GI Bill kwenye tovuti ya VA, na karibu kila jimbo lina wakala anayeidhinisha vyuo kupokea wanafunzi hao. Barua iliyonakiliwa kwa wakala huyo hujibiwa haraka. Kesi iliyokwama VA kwenyewe mpelekee mbunge wako wa Kongresi, ukiwa umesaini fomu ya ruhusa ya faragha, maana bila saini hiyo wasaidizi wake hawaruhusiwi hata kuliangalia faili.

Aliyestahiki mipango yote miwili, GI Bill ya zamani iitwayo Montgomery na hii ya baada ya 2001, kwa vipindi tofauti vya utumishi, azingatie hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Aprili 16, 2024 katika kesi ya Rudisill: anaweza kutumia yote miwili hadi jumla ya miezi 48. Kama VA ilikukatalia miezi hiyo kabla ya hapo, omba upya kwa maandishi na uitaje kesi hiyo kwa jina.