Muulize Fundi wa Akwariamu: Tangi la lita 200, niweke siklidi gani?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua tangi la kioo, urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Nataka siklidi maana niliwaona kwa shemeji yangu wana rangi kali kama samaki wa baharini, ila mimi sijawahi kufuga. Muuzaji kanipangia oska wawili, frontosa mmoja, auratus wanne na wale wa njano watatu, anasema wote ni siklidi wataelewana tu. Maji yetu ni ya kisima, birika linajaa ukoko mweupe. Nichukue?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka usichukue, hiyo hela ishike kwanza. Wote ni siklidi ni kweli, lakini hata sato na perege ni siklidi na hujawaweka sebuleni. Oska kwao ni Amazon, anafika sentimita 30 na chochote kinachoingia mdomoni anameza. Frontosa wa Ziwa Tanganyika naye anavuka hapo, leo unamuona kidole, baadaye hilo tangi hata kugeuka anapata shida. Na auratus ndo balaa lenyewe, mzuri mno akiwa mdogo, mistari ya njano na nyeusi, akishakua dume anawapiga wenzie mpaka mapezi yanabaki nyuzi.

Hapo kwenye list bakiza wa njano tu, yule wa Ziwa Nyasa, jina lake la kitaalamu Labidochromis caeruleus. Chukua nane wadogo, wanaishia kama sentimita 10 na kwa mbuna, yaani siklidi wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, huyu ni mpole. Mawe panga mengi, ila yakae kwenye kioo cha chini kabisa halafu ndo umwage mchanga, maana wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga likianguka tangi limekwisha. Msosi wape punje zenye spirulina, kidogo kidogo, na nyama ya ng'ombe usiwape hata kwa utani, matumbo yanavimba wanakufa.

Ila ningekuwa mimi, kwa lita 200, ningeweka multi wa Tanganyika (Neolamprologus multifasciatus). Rangi hana, ntakuwa muongo nikisema anayo, ni kijivu na vimistari, na dume hata sentimita 5 kwa shida. Lakini mwagia mchanga sentimita 5 hivi, tupia makombe matupu ya konokono, kila samaki awe na lake na mengine ya ziada, kisha kaa kwenye kochi uangalie. Anabeba mchanga kwa mdomo anautema pembeni, anarudi, anachimba mpaka kombe linazama na mlango tu ndo unabaki juu, jirani akisogea anafukuzwa, na siku moja utaona vitoto vinachungulia mlangoni. TV mtazima wenyewe. Chagua aina moja, usiwachanganye na wa njano.

Maji yako ni bahati, hayo yenye ukoko ndo magumu wanayoyapenda samaki wa maziwa yetu, mradi yasiwe na chumvi ya kuonjeka. Na hita kwa joto la Dar sahau, wa Nairobi na Mbeya ndo wanunue. Kikubwa filta ikae inazunguka wiki nne mpaka sita bakteria wajijenge, huku unadondosha chakula kidogo kwenye tangi lisilo na samaki, na usiingize samaki mpaka kipimo kionyeshe amonia na naitraiti, sumu za uchafu wa tangi, ni sifuri. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki, inatosha.

SWALI: Fundi, wa njano wangu mmoja wiki ya pili hali, kidevu kimevimba na anajificha nyuma ya jiwe. Nimpe dawa gani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hongera dada, huyo ana mayai mdomoni. Anayatunza humo kama wiki tatu bila kula, kisha anatema vitoto vinavyojiogelea. Dawa usiweke, na usimfukuze na wavu maana akishtuka anayatema.