Broka aliyezungukwa: ada yake ataidai wapi?

SWALI

Assalam aleikum, wakili. Mimi ni broka wa nyumba hapa Mombasa, mwaka wa nne sasa. Februari nilimleta mteja kutoka Nairobi kuona nyumba Bamburi, mwenyewe akiitaka milioni 14. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba nikimpata mnunuzi nitapewa asilimia 3. Mteja nilimpeleka mara tatu, mara ya mwisho akaja na mkewe, na bei nikaisukuma mpaka milioni 13. Baada ya hapo wote wawili wakaninyamazia. Mwezi Mei bawabu wa jirani akaniambia nyumba imeshauzwa, tena kwa mteja wangu yuleyule, kwa milioni 12 na nusu. Nilipompigia mwenye nyumba, jibu lake lilikuwa, "Kwani wewe una karatasi gani?" Mazungumzo yetu ya WhatsApp ninayo yote. Je, naweza kumshtaki? Mwenzangu mmoja ananiambia niweke zuio kwenye hati mpaka nilipwe. Mwingine anasema dawa yake ni kufungua kampuni. Na mimi nataka kujua: nisomee nini ili nisizungukwe tena?

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pole. Mwenye nyumba huyo amekula jasho lako, hilo sina shaka nalo. Lakini hukuniuliza kama amekudhulumu; umeniuliza kama mahakama itakulipa, na hayo ni mambo mawili.

Kwanza nikueleze ulipo na nguvu, maana wengi hudhani hawana lolote kwa kuwa hawakuandikiana. Kweli, Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura 23, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe. Hilo ni la muuzaji na mnunuzi. Makubaliano yako wewe na mwenye nyumba ni ya kazi na malipo yake, hayahamishi ardhi ya mtu. Makubaliano ya mdomo ya namna hiyo ni makubaliano. Shida yake ni kuyathibitisha. Na hapo ndipo WhatsApp inapokufaa. Sheria ya Ushahidi inapokea mazungumzo ya simu, mradi uambatanishe cheti kinachoeleza yametoka kwenye kifaa gani na yamechapishwaje. Kwa hiyo simu hiyo usiiuze, usiifute kitu, wala usinitumie picha ulizozikata vipande. Mazungumzo yakae mazima, pamoja na yale yanayokuaibisha.

La pili, wakala hulipwa akionyesha kwamba yeye ndiye sababu hasa ya mauzo. Kufungua geti peke yake hakutoshi. Kama mteja angeona nyumba nawe, akaondoka, kisha mwaka uliofuata akarudishwa na broka mwingine aliyeshusha bei na kumaliza kazi, ungekuwa na kazi ngumu. Yako si hiyo: mnunuzi ni yuleyule, nyumba ileile, miezi mitatu tu imepita, na mashauriano ya bei uliyaanzisha wewe. Ungedai asilimia 3 ya bei iliyouziwa, si ya iliyotangazwa, yaani shilingi 375,000. Kiasi hicho kinaingia kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Sasa yale machungu. Katika maelezo yako yote hukutaja popote kwamba umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi. Nachukulia hujasajiliwa. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura 533, ya mwaka 1984, haina habari na jina unalojiita. Jiite broka, dalali, ajenti au "mtu wa kati": ukimkutanisha muuzaji na mnunuzi, au mwenye nyumba na mpangaji, au ukawajadilia masharti kwa malipo, unafanya kazi ya wakala, na mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kuifanya. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Faini hiyo watu huicheka. Wasichokiona ni kwamba ukienda kudai ada yako, wakili wa upande wa pili atasimama na sentensi moja tu: huyu anadai malipo ya kazi ambayo sheria imemkataza kuifanya. Mahakama haipendi kumsaidia mtu kuvuna alichokipata kwa kuvunja sheria, na hati yako ya madai ndiyo itakayokuwa ungamo lako, lenye jina na saini yako.

Kwa hiyo una hoja nzuri lakini mlango wa kuingilia umejifungia mwenyewe. Wakili atakayekuambia "lete ada tufungue kesi, tutashinda" bila kukuuliza habari ya usajili, mwogope. Mimi ningetafuta mtu mnayemheshimu wote wawili, mkae, umwombe mwenye nyumba kifuta jasho kwa ustaarabu. Pengine atatoa kitu, pengine hatatoa. Na usimtumie ujumbe wa vitisho. Hapo utampa yeye kesi ambayo hakuwa nayo.

Zuio usiliguse kabisa. Anayeweka zuio kwa msajili wa ardhi ni mwenye kudai haki ndani ya ardhi ile: amenunua, amepangisha, amekopesha kwa dhamana yake. Wewe unadai pesa kwa mtu, hudai chochote kwenye kiwanja. Tena kiwanja chenyewe sasa ni cha mteja wako wa Nairobi ambaye hakuahidi kukulipa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa aliyeumizwa na zuio lisilo na msingi haki ya kulipwa fidia na aliyeliweka. Nimewahi kumtetea kijana aliyeweka zuio kwa ada ya laki mbili; mauzo yalichelewa, na tulichokuwa tukijadili mwishoni ni yeye atalipa kiasi gani.

Nije kwenye kusoma, maana hapo ndipo swali lako linaponipendeza. Huna haja ya kuwa mwanasheria. Unahitaji kujua kusoma nyumba kisheria kabla hujaipiga picha.

Chukua mfano wa hapa kwetu, ambao mteja wa bara hawezi kuujua: nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko kuna nyumba ambazo ukuta na paa ni mali ya mtu mmoja, na udongo ulio chini yake ni wa mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Sheria ya Kiingereza husema kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi. Desturi ya Pwani, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, huvitenganisha, na watu wamenunua na kurithishana nyumba za namna hiyo kizazi baada ya kizazi. Si ulaghai. Inakuwa ulaghai pale broka anapotangaza "nyumba inauzwa, bei ya kutupa" na kumwacha mnunuzi adhani anapata kiwanja. Ukiletewa nyumba yoyote ya mitaa hiyo, swali la kwanza liwe: hati ya ardhi iko kwa nani? La pili: kodi ya ardhi imelipwa hadi lini, na mwenye ardhi anajua kwamba nyumba inauzwa? Na kama ardhi ni ya wakfu, jua kwamba wakfu hauuzwi. Kinachoweza kuzungumzwa ni nyumba na upangaji tu, tena baada ya kuwasikia wasimamizi wa wakfu huo. Mteja umweleze kwa maandishi kwamba benki haitamkopesha kirahisi kwa nyumba ya aina hii. Atakayekimbia baada ya kuambiwa hayo alikuwa akimbie tu, ila angekimbia baadaye na kukushtaki.

Kisha kuna wauzaji wasio na haki ya kuuza. Warithi ndio wengi. Marehemu akiacha nyumba, watoto huanza kutafuta mnunuzi hata arubaini haijafika. Sheria ya Urithi, Sura 160, inakataza msimamizi wa mirathi kuuza ardhi au nyumba kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa na mahakama. Kuwa na hati ya usimamizi hakutoshi, uliza iliyothibitishwa. Mume anayeuza nyumba ya familia peke yake naye umuulize mkewe yuko wapi, na mke vivyo hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mwenzake. Na ukivuka kwenda mashamba ya Kilifi au Kwale, ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, ombi lake likipelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe saini. Raia wa kigeni, huko ufukweni wapo wengi, kikatiba hawezi kupewa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Yote hayo huyajui kwa kumtazama muuzaji usoni. Anza na upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, na uufanye mwenyewe; ule ulioletewa na muuzaji ni karatasi ya muuzaji.

Hesabu pia ni sehemu ya elimu yako. Mnunuzi wa nyumba ya mjini hulipa ushuru wa stempu asilimia 4 ya thamani atakayoikubali mthamini wa serikali. Nje ya miji ni asilimia 2. Kwa milioni 12 na nusu hiyo ni nusu milioni juu ya bei, na nimeona mauzo yakianguka siku ya mwisho kwa sababu hakuna aliyemwambia mnunuzi. Muuzaji naye, tangu Januari 2023, hutozwa asilimia 15 ya faida aliyoipata. Akiyajua mapema hataruka bei ovyo katikati ya mashauriano.

Kuna mambo mawili ya kuyaacha leo hii. Usiandike mkataba wa mauzo, hata kama una nakala nzuri kwenye kompyuta: Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa hati za kuhamisha mali. Na usipokee amana. Ile asilimia 10 ya kufungia biashara ikae kwa wakili. Wakala aliyesajiliwa mwenyewe anatakiwa fedha za wateja aziweke akaunti ya pekee, sembuse wewe na M-Pesa yako. Mteja akija na mfuko wa noti za milioni kadhaa, akikataa benki, rudi nyuma. Biashara ya nyumba ni mojawapo ya zile zinazofuatiliwa kwa utakasishaji wa fedha haramu.

Njia ya haraka kwako, wakati unatafuta usajili, ni kuingia chini ya wakala aliyesajiliwa. Yeye ndiye atakayesaini barua ya uwakala na kupokea ada, nawe utapata fungu lako kwa mkataba wenu. Ndiyo, utagawana. Asilimia 1 inayoingia mfukoni ina uzito kuliko 3 za mdomo, na uzoefu chini ya mtu kama huyo utakusaidia utakapoomba kwenye Bodi, pamoja na masomo inayoyatambua.

Barua hiyo ya uwakala ni ukurasa mmoja tu. Itaje namba ya hati, nani analipa ada, asilimia ngapi ya bei gani, na inalipwa siku gani, kwa kuwa "nyumba ikiuzwa" inaweza kumaanisha siku ya saini au siku hati inapohama, na kati ya siku hizo kuna miezi. Kisha weka kile kifungu ambacho ungekuwa nacho mwezi Mei ungelala usingizi: mtu yeyote aliyeletwa na wakala, akinunua ndani ya miezi 6 baada ya barua kwisha, ada inalipwa kama kawaida, hata wakikutana wao kwa wao. Na mteja kabla hajapanda gari kwenda kuona, ajaze fomu ndogo: jina, tarehe, nyumba ipi, ameonyeshwa na nani. Watu huona haya kuidai fomu hiyo. Anayekataa kuandika jina lake ameshakuonyesha anachokusudia.

Kuhusu kampuni, mwenzako amekuambia nusu. Kampuni inakupa jina, namba ya kodi na kibali cha biashara cha kaunti. Usajili wa Bodi haiji nao. Wanaofanya kazi ya uwakala ndani ya kampuni ndio wanaotakiwa wawe wamesajiliwa. Ukifungua leo ukaendelea kama jana, utakuwa broka yuleyule mwenye muhuri.