Kabla hujamlipa mwalimu wa Kihindi, muulize kwao wanaongea nini

Watu wakinisikia dukani nikipatana bei kwa simu na muuzaji wa Delhi, huuliza jambo lile lile: dada, hicho Kihindi umejifunzia wapi, na mimi nitampata wapi mwalimu? Walimu wapo. Dar wapo, Nairobi na Mombasa wapo, na mtandaoni ndiyo usiseme. Kazi ni kumpata anayefundisha Kihindi chenyewe, kisha kile Kihindi unachokihitaji wewe.

Nasema Kihindi chenyewe kwa sababu huku kwetu kila anachoongea Mhindi tunakiita Kihindi. Kaa nusu saa kwenye duka lolote la Kisutu au Mtaa wa Indira Gandhi, usikilize mwenye duka na mkewe: aghalabu ni Kigujarati au Kikachi. Kwa Masingasinga utasikia Kipunjabi. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, na lugha za nyumbani wamezishika vizazi na vizazi. Kihindi wengi wamekiokota kwenye sinema na tamthilia, kama sisi tu, isipokuwa wao kinawaingia upesi kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Kuna mzee mmoja ninayenunua kwake zipu na vifungo. Nilipomwomba anifundishe, alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nikifika Delhi, neno la kwanza tu wanajua mtu wa Gujarat kaja." Anakiongea bila shida na anakielewa chote, lakini kukiandika hajawahi, na maneno ya kike na ya kiume, ambayo Kihindi huyatenganisha, anayabahatisha. Mtu wa namna hiyo ni hazina ya kufanyia mazoezi baadaye. Wa kuanza naye, hapana.

Kwa hiyo yeyote anayejitolea kukufundisha, swali la kwanza liwe: nyumbani kwenu mnaongea lugha gani? Akisema Kihindi, muulize katoka mji gani. Ukisikia miji ya Kihindi kama Kanpur, Lucknow, Jaipur, Bhopal au Delhi, mkaribishe chai.

Swali la pili ujiulize mwenyewe: unakwenda wapi? Rafiki yangu alitaka Kihindi cha haraka kwa sababu anampeleka baba yake matibabu Chennai. Nikamwambia hela yake aiweke. Chennai ni Tamil Nadu, lugha ya watu ni Kitamil, na huko wamekuwa wakipinga kulazimishwa Kihindi tangu miaka ya 1930. Hospitalini Kiingereza kitakufikisha, na mtaani maneno kumi ya Kitamil yatakupendezesha kuliko Kihindi cha miezi. Bengaluru wenyewe ni Kikannada. Hyderabad ni Kitelugu, ila kuna Kiurdu kingi, kwa hiyo Kihindi kinasikika. Pune ni Kimarathi na Ahmedabad Kigujarati, lakini miji yote miwili Kihindi kinapita sokoni bila taabu. Wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma huko wangeambiwa haya mapema wangeokoa pesa nyingi.

Basi, tuseme safari yako ni ya Kihindi kweli. Kwa Dar, pa kuanzia ni kituo cha utamaduni cha India kinachoitwa Swami Vivekananda, ambacho kiko chini ya serikali ya India kupitia baraza lao la uhusiano wa kitamaduni, ICCR. Pale pana yoga, tabla, densi ya kathak, na Kihindi. Nenda mwenyewe ukaulize ratiba, maana walimu wa vituo hivi huletwa kutoka India kwa mkataba, na mmoja akimaliza muda wake somo linaweza kungoja mwingine. Faida kubwa ya darasa kama hilo ni herufi. Devanagari, ndiyo maandishi ya Kihindi, ukijifunza peke yako kwenye simu utaichukia. Ukiwa na mtu anayekusimamia ubaoni inakuwa mchezo. Herufi zinaning'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, irabu zinabandikwa juu, chini, mbele au nyuma, na ile "i" fupi inaandikwa kabla ya konsonanti ingawa inatamkwa baada yake. Hapo mwalimu mwenye chaki anashinda programu zote. Hasara ya darasa ni kwamba mkiwa wengi, kinywa chako kinafunguka dakika chache tu.

Nairobi ningeanzia Arya Samaj. Jumuiya hiyo ya Wahindu iko pale tangu 1903, na kote duniani imekuwa mstari wa mbele kukieneza Kihindi hata kwa watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kipunjabi au Kigujarati. Hata kama hawana darasa la watu wazima wakati unapokwenda, watamjua mwalimu. Na kijana mwenye mwaka mmoja wa kuutumia aulizie ubalozini habari za Kendriya Hindi Sansthan, taasisi ya serikali iliyoko Agra inayofundisha wageni Kihindi. Wanatoa ufadhili, na maombi hupitia balozi za India. Ni watu wachache huku kwetu wanaoomba, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kila mtu anafikiria ufadhili ni wa udaktari na uhandisi tu.

Lakini njia iliyonifungua kinywa mimi haikuwa ya kulipia. Dar inapokea Wahindi wapya kila mwaka: wahandisi, wahasibu, watu wa viwandani na wa kompyuta. Wanakuja na wake zao, wanapangishiwa nyumba Upanga au Masaki, mume anakwenda kazini asubuhi, mke anabaki na mlinzi, dada wa kazi na muuza mboga, wote hao wakiongea Kiswahili. Yule mama anakitafuta Kiswahili kama wewe unavyotafuta Kihindi. Mimi niliunganishwa na mama mmoja wa Kanpur kupitia mlinzi wa jengo lao, ambaye ni jirani yetu. Makubaliano yetu yalikuwa mepesi: saa moja kwangu, saa moja kwake, hakuna hela.

Tulianzia soko la Kisutu. Yeye akisimama mbele ya mafungu ya bamia, namwacha apambane: "Kaka, fungu bei gani? Punguza kidogo." Wauzaji wakampenda, wakamwongezea nyanya. Tukirudi nyumbani kwake, vitu vile vile vilivyo kwenye kapu tunavitaja kwa Kihindi, na yeye sasa ndiye muuzaji. "Bhindi kaise di?" bamia umeuzaje? "Thoda kam kijiye," punguza kidogo. Ananigomea, anaugeuza uso, ananiambia bei ya jana na ya leo si moja. Nikikosea ananirudisha mwanzo bila huruma. Sikuwahi kufungua kitabu pale, lakini nilivyokwenda Chandni Chowk, soko la Delhi, kutafuta vitambaa, maneno ya kupatana bei yalikuwa ulimini.

Wapo pia wa kubadilishana nao mtandaoni, kwenye zile programu za marafiki wa lugha. Wanaume mtafaidi. Sisi wanawake tujiandae: wengi wakiona jina la kike, salamu ya pili ni "nitumie picha". Chuja, zuia namba, endelea.

Sasa nigusie jambo ambalo walimu wengi wa bei rahisi huliruka, nalo ni matamshi. Kihindi kina "t" ya ulimi kwenye meno na "t" ya ulimi uliokunjwa juu ya kaakaa, na kila moja ina ndugu yake ya kupulizia. Hivyo hivyo kwa "d". "K" ina "kh" yake, ambayo si "kh" ya Kiarabu, ni "k" yenye pumzi. Mama wa Kanpur alikata kipande cha karatasi laini, akakishika mbele ya midomo yangu. Kwenye "ka" kisitikisike. Kwenye "kha" kiruke. Nilikaa na kile kikaratasi jioni nzima. Mtu wa Mombasa au Lamu hapa ana mtaji mkononi, kwa sababu lahaja zao zinatenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyo hiyo, na "t" wanazo mbili. Sisi wa bara tunasota. Mwalimu ambaye somo la kwanza lote linapita hajakurekebisha "t" hata moja, ama ana adabu kupita kiasi ama hajali. Vyovyote vile, tafuta mwingine.

Kwa upande wa msamiati tuko pazuri kuliko tunavyodhani. Kitab, duniya, safar, hisab, sabun, javab, khabar: vyote umeshavijua, vimetoka Uarabuni na Uajemi vikaenda kwao na kwetu. Mwambie mwalimu wako hivyo mapema, maana wa mtandaoni amezoea wanafunzi wa Ulaya na Marekani, atakupangia wiki nzima ya maneno uliyozaliwa nayo. Muda huo autumie kwenye namba. Sisi ukishajua kumi na tano unajijengea mwenyewe mpaka tisini na tano. Kwao kila namba mpaka mia ina sura yake: 25 ni pachchees, 35 paintees, 45 paintaalees. Kwa mfanyabiashara huu ndio mtihani wenyewe. Ukifika laki unapumua, laki ni yao na yetu.

Wenye kusoma herufi za Kiarabu wana mlango mwingine. Kiurdu na Kihindi cha mazungumzo ya kila siku ni kitu kimoja. Tofauti inaanza kwenye maandishi na kwenye maneno makubwa. Ukimpata sheikh aliyesoma Deoband, chuo cha dini cha India, au mzee aliyetoka na Tablighi akakaa Nizamuddin, kituo chao cha Delhi, anaweza kukufundisha kuongea, na Devanagari ukaiongezea baadaye. Na ndugu zetu wa Muscat, nyinyi hamhitaji tangazo: tembea Ruwi jioni, kila duka ni darasa. Mtapata Kihindi kilichovunjikavunjika cha Ghuba, lakini kitawafikisha.

Mtandaoni mimi nimetumia italki, na wapo wanaopenda Preply. Kote kuwili mwalimu anajipangia bei, na unaweza kusikiliza video yake kabla hujatoa hela. Italki inatenganisha walimu wenye vyeti na wale wa mazungumzo tu. Wa mazungumzo ni nafuu na kwa mtu aliyeshajua herufi wanatosha kabisa. Duolingo ina Kihindi, lakini kinafundishwa kupitia Kiingereza. Itumie kujikumbusha herufi ukiwa kwenye daladala, usiitegemee kwa maongezi. Ukitaka mafunzo mazito zaidi, Landour Language School ya Mussoorie, India, ni shule ya siku nyingi, na hufundisha hata kwa mtandao.

Usiende kwenye somo la kwanza mikono mitupu ukingoje kufundishwa "habari ya asubuhi". Mimi nilimwekea mwalimu vitambaa mbele ya kamera, nikamwambia yeye ndiye mwenye duka. Huyu alikuwa wa Lucknow, watu wanaosifika kwa lugha ya adabu, kwa hiyo akanifundisha kumwita kila mtu "aap", yaani "wewe" ya heshima, na kumalizia na "ji", neno la heshima. Nilivyofika sokoni Delhi wauzaji wakawa wanatabasamu, kwa kuwa wenyewe kwa wenyewe wanarushiana "tum" na "tu", zile "wewe" za kuzoeana, mchana kutwa. Haikunidhuru. Mgeni mwenye adabu hupewa kiti na chai, na mwenye kiti na chai ana muda wa kupatana.

Jambo moja wanawake wenzangu: mkiwa na mwalimu wa kiume, mwambieni toka siku ya kwanza awatolee mifano ya kike. Kwa kusema "naenda", mwanamume husema "main jaata hoon", mwanamke "main jaati hoon", na ukimwiga mwalimu kama kasuku utaongea kiume bila kujijua. Wanaume mnaofundishwa na akina mama, nanyi vivyo hivyo.

Yamebaki ya saa na malipo. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowapoteza watu. Saa kumi na mbili jioni ya Dar, kule ni saa mbili na nusu usiku, na mwalimu mwenye watoto anataka kula. Mimi nasoma saa kumi jioni, kabla wateja wa kutoka kazini hawajaingia. Mkikubaliana muda, andika kwa saa za kimataifa, 16:00 yako na 18:30 yake, kwa sababu "saa kumi" yetu yeye ataielewa kuwa saa nne. Malipo ya kwenye majukwaa haya yanataka kadi. Kama huna ya benki, kadi ya Visa ya mtandaoni unayoitengeneza ndani ya M-Pesa inakubalika sehemu nyingi. Anza kwa kulipia somo moja moja. Mwalimu anayetaka umlipe masomo ishirini kwa mpigo kabla hamjazungumza hata dakika kumi, mshukuru kwa adabu zote za Lucknow, utafute mwingine.