Yule mzee wa kwenye chupa
Ndugu yangu, umeuliza huyo mzee kwenye chupa ya sosi ya saladi iliyoachwa na mgeni hapo hotelini Malindi ni nani. Ni Paul Newman, mwigizaji wa Marekani, yule wa macho ya buluu. Oscar ya mwigizaji bora aliipata 1987, umri ushafika miaka 62! Sosi aliianza nyumbani, akiikoroga na kuwagawia majirani wakati wa Krismasi. Mwaka 1982 yeye na rafiki yake A. E. Hotchner wakaanzisha kampuni, faida yote ikawa ya sadaka. Mwenyewe hakutia mfukoni hata senti. 1988 akafungua kambi ya watoto wagonjwa huko Connecticut. Alifariki 2008, kampuni ingalipo. Ila mbele ya kachumbari yetu ya ndimu, hiyo sosi bado sijashawishika.