Mtini wa Marko 11: ulikosa nini, na haukuwa wakati wa tini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nafundisha vijana wa kipaimara usharikani kwetu. Tulipofika Marko 11, ambapo Yesu mwenye njaa anauendea mtini wenye majani, hakuti tini, na anaulaani, kijana mmoja aliuliza: ikiwa Biblia yenyewe inasema haukuwa wakati wa tini, mti ulikosa nini hata Yesu aulaani? Mwingine akaongeza kwamba kwa Mathayo mti ulinyauka papo hapo, lakini kwa Marko wanafunzi waliuona umenyauka asubuhi ya pili. Niwajibu nini?

JIBU: Amina, dada yangu. Waambie vijana hao wameuliza swali ambalo Marko mwenyewe alitaka liulizwe. Angeweza kuyaacha maneno "si wakati wa tini" na hakuna ambaye angeshangaa, Mathayo hakuyaandika. Marko ameyaweka, na kwa kuyaweka anatuzuia tusidhani kwamba habari hii inahusu njaa ya Yesu.

Wapo wafafanuzi wanaojibu kwa elimu ya mimea. Wanasema, na ni kweli, kwamba mtini wa Palestina hutoa majani karibu na Pasaka, mwezi wa Machi au Aprili, na pamoja na majani hutokea matunda madogo ya mwanzo yatakayoiva mnamo Juni. Tini za mavuno makubwa huja kuanzia Agosti. Kwa hiyo mti wenye majani usio na hata hayo madogo ulikuwa tasa. Sawa, lakini mimi siyategemei maelezo hayo, kwa sababu yanatuacha tumeukodolea macho mti, hali Marko anatupeleka hekaluni.

Rudini mstari wa 11. Yesu anaingia hekaluni, anatazama yote pande zote, na kwa kuwa ni jioni anakwenda Bethania pamoja na wale Kumi na Wawili. Kesho yake, njiani, anaulaani mtini. Anaingia tena hekaluni na kupindua meza za wabadili fedha na viti vya wauza njiwa. Asubuhi inayofuata mti umekauka toka shinani. Hekalu, mti, hekalu, mti. Ndivyo Marko anavyosimulia mara kwa mara: anaanza habari moja, anaikata kwa nyingine, kisha anairudia ya kwanza, na kila moja inaifafanua mwenzake. Vijana wako wamekwisha kuliona hilo katika sura ya 5, ambapo mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anaingia katikati ya habari za binti Yairo, mwenye umri wa miaka 12.

Sasa fungueni Yeremia. Yesu anaposema "pango la wanyang'anyi", ananukuu Yeremia 7:11, hotuba iliyotolewa langoni pa hekalu. Nabii anawakemea watu wanaoiba, wanaoua na kuapa kwa uongo, kisha wanakuja kusimama mbele za Mungu wakisema wamepona. Mnyang'anyi hanyang'anyi pangoni. Pangoni hujificha baada ya kunyang'anya. Basi kosa linalokemewa ni kubwa kuliko biashara ya njiwa: ni kuifanya ibada kuwa maficho ya dhuluma. Songeni mbele sura moja tu, hadi Yeremia 8:13, mkute Mungu akilalamika kwamba hakuna zabibu katika mzabibu wala tini katika mtini, na jani lake linanyauka. Mtini na hekalu vilikuwa pamoja kwa nabii kabla Marko hajaandika.

Kwa hiyo Yesu anafanya tendo la kinabii, yaani anatangaza hukumu kwa kitendo, kama Yeremia alipovunja gudulia mbele ya wazee katika sura ya 19. Hakuna aliyeuliza gudulia lilikosa nini. Katika Marko 13:2 Yesu anatamka wazi kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe, na mwaka 70 majeshi ya Kirumi chini ya Tito yaliliteketeza hekalu.

Hapa nakusihi uwe mwangalifu kwa mambo mawili. Usiwaruhusu vijana waondoke wakidhani Mungu amewalaani Wayahudi. Yesu na wale Kumi na Wawili ni Wayahudi, naye anakemea viongozi wa hekalu kama manabii walivyokemea. Katika sura ya 12 anamwambia mwandishi mmoja, yaani mwalimu wa sheria, kwamba hayuko mbali na ufalme wa Mungu. La pili linaniumiza zaidi. Nimesikia kifungu hiki kikihubiriwa dhidi ya wanawake wasio na watoto, kana kwamba "matunda" ni uzazi. Hakuna neno hata moja katika Marko 11 linaloruhusu jambo hilo. Likisemwa darasani, lipinge hapo hapo.

Kuhusu Mathayo: yeye hufupisha. Kwa Marko, Yairo anakuja binti yake akiwa mahututi, na habari ya kifo inafika baadaye. Mathayo 9:18 inaanza na binti aliyekwisha kufa. Katika sura ya 21 ameunganisha laana na kunyauka kwa namna hiyo hiyo.

Msiishie mstari wa 21. Nyumba iliyopaswa kuwa ya sala kwa mataifa yote imehukumiwa, na mara Yesu anawafundisha wanafunzi kusali: wamwamini Mungu, na kila wasimamapo kusali wamsamehe yeyote wanayemshitaki moyoni. Kipindi kijacho waanzishe vijana hapo.